Jiko la Thailand na chungu cha Nakuru: Nani humfundisha mwanafunzi mgeni?

WANAFUNZI wa vyuo vya Marekani, Ulaya na Australia wanaokwenda Thailand kwa muhula mmoja, au hata kwa wiki chache, aghalabu hurejea makwao na mafunzo mawili. La kwanza ni la mapishi. Asubuhi hupelekwa sokoni kuchagua mchaichai, pilipili na majani ya mrehani, kisha hukaa saa kadhaa wakitwanga viungo katika kinu cha jiwe na kuonja mchuzi hadi uchachu, ukali, chumvi na utamu vilingane. La pili ni la kijijini. Huko huingia katika kituo kidogo cha afya na kukutana na mama wa makamo ambaye si daktari wala muuguzi, lakini anayejua katika kila nyumba ya mtaa wake nani ana kisukari, nani ni mjamzito na ni mzee yupi aliyeacha kumeza dawa za shinikizo la damu.

Ratiba ya namna hii, inayoliweka jiko na zahanati katika somo moja, si jambo la ajabu tena. Ni bidhaa. Mji wa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, umejaa shule za upishi zinazoishi kwa karo za wageni, na vyuo vya nchi hiyo hupokea wanafunzi wa afya ya umma wanaotaka kuona jinsi taifa lisilo tajiri lilivyofaulu kuwafikia wananchi wake nyumbani.

Kaunti ya Nakuru haikosi mambo hayo mawili. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabia watu 2,162,202, na makao yake makuu yalipewa hadhi ya jiji mnamo Desemba 1, 2021, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mashamba ya Molo, Njoro, Bahati na Subukia hulisha miji mingi ya Kenya. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka 1939, kinafundisha kilimo, lishe na udaktari. Vijijini wamo wahamasishaji wa afya ya jamii, na wageni nao huja. Ila ni nadra kuulizwa wageni hao hufunzwa nini hasa, na nani, nani hulipwa kwa kazi hiyo, na wakishaondoka ni maarifa gani yanayobaki nyuma. Maswali haya yanamgusa mkazi wa Lare au Olenguruone kuliko anavyoweza kudhani.

Walianza nyumbani

Jambo la kwanza la kuzingatia kuhusu Thailand ni kwamba haikujenga mfumo wake wa afya ya kijijini ili wageni waje kuutazama. Wahudumu wa kujitolea walianza kuenezwa nchini humo katika mpango wa maendeleo wa mwaka 1977 hadi 1981. Hii ina maana kwamba mataifa yalipokutana Alma-Ata mwaka 1978 na kutangaza afya ya msingi kuwa njia ya kumfikia kila mtu, Thailand ilikuwa tayari njiani. Leo wahudumu hao ni zaidi ya milioni moja, na kila mmoja hutunza nyumba 10 hadi 15. Mnamo 2001 na 2002 serikali iliongeza mpango wa matibabu kwa wote uliopata umaarufu kwa jina la baht 30, ada ndogo ambayo mgonjwa alilipa kila alipokwenda hospitalini. Mwaka huohuo wa 2001 iliunda pia wakfu wa kukuza afya unaopata fedha zake kutokana na nyongeza ya asilimia 2 juu ya kodi ya pombe na tumbaku.

Chakula nacho kilishughulikiwa kama jambo la dola. Mnamo 2002 serikali ilizindua mpango wa kueneza mikahawa ya Kithai duniani, ikiamini kwamba mtu aliyekula vizuri London au Chicago atataka siku moja kuiona nchi kilikotoka chakula hicho. Desemba 2024, supu ya kamba iitwayo tom yum kung iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za kitamaduni zisizoshikika.

Yote hayo yangeweza kuwa hadithi ya kujisifu tu, kama si jambo moja ambalo wanafunzi wanaofika mkoa wa kaskazini-mashariki, Isan, hufundishwa bila kufichwa. Huko kuna chakula kipendwacho kiitwacho koi pla: samaki wabichi wa maji matamu, waliokatwakatwa na kuchanganywa na ndimu, pilipili na majani. Watu wengi waliamini kwamba ndimu huwaivisha samaki hao. Haiwaivishi. Ndani yao huishi mnyoo bapa anayehamia katika mirija ya nyongo ya binadamu na kukaa humo miaka mingi, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka miongoni mwa visababishi vya saratani. Isan ni mojawapo ya sehemu zenye viwango vya juu zaidi duniani vya saratani ya mirija ya nyongo, na wanaougua zaidi ni wakulima.

Madaktari wa Chuo Kikuu cha Khon Kaen walijifunza kwamba kumwambia mzee wa kijiji aache chakula cha baba yake ni kazi bure asipoelezwa na mtu anayemwamini. Ndipo wahudumu wa kijijini walipotumiwa, mashine za ultrasound zikasafirishwa hadi mashinani, na watoto shuleni wakafundishwa kwamba samaki yuleyule akipikwa kwa moto hana madhara. Mwanafunzi mgeni anayesikia hayo hujifunza kwamba chakula cha watu kina uhondo na kina hatari, na kwamba anayeweza kuitenganisha hatari na uhondo ni jirani kuliko tangazo la redio.

Magadi chunguni

Nakuru ina koi pla yake. Ni githeri.

Mahindi na maharagwe makavu huchukua muda mrefu kuiva, na kuni au makaa ni ghali. Ndiyo maana nyumba nyingi hutia kipande cha magadi chunguni ili nafaka zilainike upesi. Wengine huyatia katika mboga za majani kama mrenda. Magadi huokoa kuni na wakati, na bei yake ni ndogo. Lakini magadi ni chumvichumvi ya sodiamu, hivyo humwongezea mwenye shinikizo la damu jambo lilelile analoambiwa hospitalini apunguze. Aidha huharibu baadhi ya vitamini katika maharagwe. Zaidi ya hayo, magadi ya Bonde la Ufa yanaweza kubeba floridi nyingi.

Floridi ndiyo kisa chenyewe cha eneo hili. Miamba ya volkano iliyo chini ya Bonde la Ufa huachia madini hayo katika maji, hasa ya visima virefu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Visima vingi vya Nakuru na viunga vyake hupita kiwango hicho, vingine mara kadhaa. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka huota meno yenye madoa ya hudhurungi ambayo hayasuguki kwa mswaki wowote. Anayeyanywa kwa miaka mingi kwa kiwango kikubwa huweza kudhurika mifupa na viungo. Wakenya wengine huwatambua watu wa eneo hili pindi wanapocheka, na utani huo, ambao wenyeji wameuzoea, unaficha ukweli kwamba hili ni suala la afya ya umma wala si la urembo.

Hapa ndipo jiko linapoingia. Kuchemsha maji, ushauri ambao kila mama ameusikia tangu kampeni za kipindupindu, huua viini lakini hakuondoi floridi. Kinyume chake, maji yanapopungua kwa mvuke floridi iliyosalia huzidi kukolea. Githeri iliyochemka saa tatu kwa maji ya kisima na kipande cha magadi ni chakula kitamu, na ni somo zima la kemia, lishe na umaskini ndani ya sufuria moja. Dawa yake ya kwanza ni nyepesi: kuloweka maharagwe usiku kucha, kuyamwaga maji yale, na kupika bila magadi, na inapowezekana, kutumia maji ya mvua kwa kunywa na kupikia. Dawa ya pili ni ya kitaalamu. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru, kupitia idara yake ya ubora wa maji, ilianzisha utengenezaji wa vichujio vya mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri kwa moto uliodhibitiwa hadi iwe mkaa unaonasa floridi maji yanapopita, kisha huwekwa katika ndoo za nyumbani au matangi ya jamii. Mkaa huo huchoka, na lazima ubadilishwe. Kama hakuna anayepima, mwenye ndoo hawezi kujua ni lini umechoka, kwa kuwa floridi haina ladha, rangi wala harufu.

Kazi hiyo iliwavuta wageni. Taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, Eawag, ilishirikiana na dayosisi kwa miaka kadhaa katika kuboresha mbinu hiyo, na matokeo yakachapishwa katika majarida ya kisayansi na kufuatwa na wataalamu wa Ethiopia, ambako Bonde hilohilo la Ufa lina tatizo hilohilo. Katika nyanja hii, basi, dunia imekuja Nakuru kujifunza. Ushirikiano huo ulikuwa wa heshima na uliacha vitu vinavyoonekana. Hata hivyo, utafiti juu ya maji na vyakula vya Bonde la Ufa umeandikwa kwa Kiingereza na kuhifadhiwa mahali ambapo mpishi wa Bahati hawezi kufika, wakati magadi yangali yanauzwa sokoni kwa vipimo vya kopo bila neno la tahadhari.

Mlo wa kujivunia

Isidhaniwe kwamba jiko la Nakuru ni la kuonewa huruma. Msitu wa Mau na mitelemko yake umetoa vyakula ambavyo vuguvugu la kimataifa la Slow Food liliviorodhesha kama urithi wa kulindwa: maboga ya Lare, kuku wa mushunu wa Molo, thabai iliyokaushwa ya Mau na asali ya Waogiek. Rais wa vuguvugu hilo aliyechaguliwa mwaka 2022 ni Edward Mukiibi wa Uganda, ambaye alisomea pia Chuo Kikuu cha Sayansi za Chakula cha Pollenzo, Italia. Chuo hicho kilichofunguliwa mwaka 2004 huwatuma wanafunzi wake katika nchi mbalimbali kuona chakula kinapozalishwa. Thabai, kwa mfano, huwasha mkono wa anayeichuma, lakini ikichemshwa na kupondwa pamoja na viazi na mahindi huwa mukimo wa kijani wenye madini mengi. Kwa Wakalenjin, maziwa ya mursik hutayarishwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalum, na msichana alifundishwa kazi hiyo kwa miaka.

Managu, sageti na kunde vilikuwa kwa muda mrefu vikidharauliwa kama chakula cha mtu aliyekosa sukumawiki. Tangu katikati ya miaka ya 1990, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na washirika wake waliendesha kazi ya kukusanya mbegu, kuandika mapishi na kuwashawishi wenye mikahawa. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka juhudi hiyo ya Kenya katika sajili yake ya mifano bora ya kulinda turathi. Leo mboga hizo hupatikana hata katika maduka makubwa ya jijini Nakuru, tena kwa bei inayoshinda ile ya kabeji.

Wakati huohuo takwimu za afya hazifurahishi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu, na kwamba asilimia 94 hawali matunda na mboga kwa kiwango kinachopendekezwa. Nako Bomet, kusini mwa Bonde la Ufa, madaktari wa Hospitali ya Tenwek wamekuwa wakikabiliana na idadi kubwa ya wagonjwa wa saratani ya umio, wakiwemo vijana. Miongoni mwa mambo yanayochunguzwa ni unywaji wa chai ya moto sana. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani hiyo. Katika nyumba ambako chai iliyopoa kidogo huhesabiwa kuwa tusi kwa mgeni, hilo nalo ni jambo la kuelezwa kwa busara, na na mtu wa nyumbani.

Mzigo wa begi

Mtu huyo wa nyumbani yupo. Septemba 25, 2023, Rais William Ruto aliwazindua rasmi wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, akawakabidhi mabegi yenye kipima shinikizo la damu, kipima sukari, kipimajoto, mizani, utepe wa kupima utapiamlo wa mtoto na simu ya kuandikia takwimu. Oktoba mwaka huo sheria ya afya ya msingi ilitiwa saini pamoja na nyingine tatu, mojawapo ikiwa ile iliyozaa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoanza kazi Oktoba 1, 2024 mahali pa NHIF. Kwa maandishi, Kenya ilikuwa imefika mahali Thailand ilipofika mapema: bima, sheria, na mtu mwenye begi mlangoni.

Hesabu, hata hivyo, zinatofautiana mno. Mhamasishaji wa Kenya anatarajiwa kuhudumia takribani maboma 100. Posho yake ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na katika kaunti mbalimbali wamelalamika mara kwa mara kwamba hucheleweshwa. Mhudumu wa Thailand, mwenye nyumba zisizozidi 15, alianza kupewa baht 600 kwa mwezi mwaka 2009. Posho hiyo ikapanda hadi baht 1,000 mwaka 2018 na baht 2,000 mwaka 2024, ambazo ni zaidi ya Sh7,000. Ukigawa, mhamasishaji wa Njoro hupata Sh50 kwa kila boma kwa mwezi, nauli isiyomfikisha hata mwisho wa kata yake. Mwenzake wa Isan hupata zaidi ya mara tisa ya kiasi hicho. Haifai kumpamba Mthai kupita kiasi, kwani wanasiasa wa huko hawajaacha kuwaona wahudumu milioni moja kama kura milioni moja. Lakini anayetembelea nyumba 15 ana nafasi ya kukaa jikoni na kuona kinachotiwa chunguni. Mwenye nyumba 100 hupima, huandika na kuondoka.

Ni mtu huyuhuyu anayepangiwa kuwatembeza wageni. Mwanafunzi wa afya kutoka ng'ambo akifika kijijini hawezi kuingia katika boma lolote bila mtu anayejulikana. Mhamasishaji ndiye hubisha hodi, hutafsiri, hueleza kwa nini mzungu yuko pale na huulizwa baada ya wiki mbili mbona hakuna msaada ulioletwa. Karo ya safari hiyo hulipwa chuoni ng'ambo na kwa wakala aliyepanga safari. Kwa mwalimu mwenyewe hufika soda, fulana na picha. Mpishi naye huandaa ugali, mgeni akasonga mara mbili tatu huku kina mama wakicheka, kisha somo la chakula likahesabiwa limekwisha. Huko Chiang Mai, ikumbukwe, anayefundisha kutwanga viungo hulipwa.

Wapo watakaosema kwamba huu ni uchoyo, kwamba Mwafrika hamtozi mgeni. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama mgeni angekuja kama mgeni. Anapokuja kama mwanafunzi, akipata alama za masomo kwa maelezo ya wenyeji na kuendea nayo shahada, huyo si mgeni wa kuchinjiwa kuku tu. Kuna pia suala la mipaka. Mwanafunzi asiyeruhusiwa kwao kumdunga mtu sindano hapaswi kupewa sindano hiyo Gilgil kwa sababu tu foleni ni ndefu. Anayekusanya takwimu za utafiti naye anatakiwa na sheria ya mwaka 2013 kuwa na kibali cha tume ya kitaifa ya sayansi, NACOSTI. Sheria hizo zipo. Mwenye kuzisimamia kijijini ndiye haonekani.

Funzo la Eldoret

Mfano ulio karibu hauko Bangkok, uko Eldoret, mwendo wa kilomita 150 hivi kutoka Nakuru. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzisha masomo ya udaktari, kiliamua tangu mwanzo kwamba mwanafunzi wake ataishi na kufanya kazi katika vituo vya afya vya mashambani kama sehemu ya masomo, kwa utaratibu ujulikanao kama COBES. Wanafunzi wa Kenya wenyewe walijifunza kwa jamii. Mwaka 1989 Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani viliingia ushirikiano, na tangu hapo wanafunzi wa Indiana wamekwenda Eldoret nao wa Moi wakaenda Indiana. Baadaye chuo cha Linköping cha Uswidi nacho kikabadilishana wanafunzi na Moi.

Janga la Ukimwi liliuleta ushirikiano huo jikoni. Madaktari wa mpango wa AMPATH, ulioanza mwaka 2001, waligundua kwamba mgonjwa anayepewa dawa akiwa na njaa hanufaiki ipasavyo. Wakaanzisha mashamba ya kuzalisha mboga, mayai na maziwa, na chakula kikaandikwa kwenye cheti kama dawa nyingine, hadi mgonjwa apate nguvu za kurudi shambani mwake. Mwanafunzi wa Indiana aliyepita hapo aliona chakula na matibabu vikiwa kitu kimoja, na walimu wake walikuwa Wakenya waliopangiwa kazi hiyo.

Hata mfano huo haukukosa udhaifu. Sehemu kubwa ya fedha za huduma ya Ukimwi magharibi mwa Kenya ilitoka Washington. Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, na baadaye shirika la USAID likafungwa, vituo vingi vya eneo hilo viliyumba. COBES, iliyotegemea uamuzi wa chuo cha Kenya na wahadhiri wake, haikuwa ya kufutwa kwa sahihi ya mtu wa ng'ambo.

Kwa Nakuru uamuzi unaofanana na huo ungehitaji ofisi chache tu kukaa meza moja. Egerton ina idara ya lishe na kitivo cha sayansi za afya. Chuo cha mafunzo ya udaktari, KMTC, kina bewa jijini. Kaunti ndiyo mwajiri wa wauguzi na mlipaji wa nusu ya posho za wahamasishaji tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013. Hakuna kinachozuia mwanafunzi wa Egerton kutangulia kukaa mwezi mzima na mhamasishaji wa Mauche au Kuresoi, akijifunza upishi na maradhi ya boma lile, kabla mwanafunzi wa ng'ambo hajapokelewa. Hakuna kinachozuia pia ada ya mgeni kugawanywa kwa maandishi, sehemu ya mhamasishaji na mpishi ikitajwa kwa jina la mapokezi yake, wala sharti kwamba anayechukua takwimu arudi barazani kuzisoma kwa Kiswahili, Kikalenjin au Kikuyu. Waogiek wa Mariashoni na Nessuit wangekuwa na la ziada la kufundisha. Mgeni anayeonja asali yao angesikia pia kwamba mahakama ya Afrika ya haki za binadamu iliamua mwaka 2017 kwamba walifukuzwa Mau kinyume cha haki, na ikaamuru mwaka 2022 walipwe fidia. Asali bila msitu haiwezekani, na hilo ni sehemu ya mapishi.

Kigumu zaidi ni kile cha chungu. Begi la mhamasishaji lina kipima sukari na kipima shinikizo la damu, kwa hiyo anaweza kumwambia mama wa Subukia kwamba shinikizo lake limepanda. Hana kifaa cha kumwonyesha kiasi cha floridi katika kisima kilicho nyuma ya nyumba, wala hajaelekezwa kuuliza kuhusu magadi. Vipimo vya maji hufanywa maabara, na kwa kawaida ni mwenye kuchimba kisima anayelipia, mara moja, siku ya kukifungua. Bajeti za kaunti husomwa kila Juni. Kipengee cha kupima visima vinavyotumiwa na shule za msingi, na cha kubadilisha mkaa wa mifupa katika matangi ya jamii, kingeweza kuingizwa humo bila kumsubiri mfadhili wala mwanafunzi wa nchi yoyote.